Rashi, Rika na Dhahabu: Nani Anawavuta Watoto wa Geita na Shinyanga?

Rashi ikitokea, yaani dhahabu ikipatikana mahali na watu wakapakimbilia, mwalimu wa shule iliyo jirani na machimbo huijua mapema kama ofisa madini. Darasa la sita na la saba ndiyo hupungua kwanza, tena upande wa nyuma wanakokaa wavulana wakubwa. Siku ya kwanza wanakosekana wawili au watatu. Wiki ikiisha, madawati ya nyuma yako matupu, na wale waliobaki wanajua nani yuko duara gani, yaani shimo gani la kuchimbia, nani analala wapi na nani ameshanunua simu. Walimu wanaifahamu hali hii Nyarugusu, Lwamgasa na Mgusu mkoani Geita, na wenzao wa Mwakitolyo na vijiji vya Kahama mkoani Shinyanga hawana la kujifunza kutoka kwao.

Kwenye kikao cha wazazi jibu ni moja: makundi. Mtoto alikuwa mzuri, akapata marafiki wabaya, wakamharibu. Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Mwenyekiti wa kijiji anasema hivyo, mwalimu wa malezi anasema hivyo, na mzazi anaafiki haraka kwa sababu maelezo hayo yanamwacha salama. Aliyeharibu ni mtoto wa jirani. Bahati mbaya jirani naye yumo kikaoni, na anasema vivyo hivyo kuhusu mtoto wa huyu.

Sisemi kwamba rika halina nguvu. Lina nguvu, na nguvu hiyo imepimwa. Ninachokataa ni mazoea ya kulichukulia kundi la watoto kana kwamba linajiendesha lenyewe. Katika ukanda wa dhahabu, nyuma ya karibu kila kundi la wavulana walioacha shule yupo mtu mzima anayelinunua jasho lao, na nyuma ya kundi la wasichana yupo mtu mzima anayenunua kingine.

Tuanze na hiyo nguvu. Mwaka 2005 Margo Gardner na Laurence Steinberg wa Chuo Kikuu cha Temple, Marekani, waliwapa watu 306 mchezo wa kompyuta wa kuendesha gari. Taa inageuka njano. Ukiendelea kidogo unaongeza pointi, ukizidisha unagonga na kupoteza. Walikuwapo wa miaka 13 hadi 16, vijana wa miaka 18 hadi 22, na watu wazima. Walipocheza peke yao, tofauti kati yao haikuwa kubwa. Wenzao walipokaa pembeni kuwatazama, watu wazima waliendelea kama kawaida, ila wale wadogo walibahatisha zaidi kwa kiasi kikubwa. Miaka 6 baadaye Steinberg na wenzake wakaangalia ndani ya ubongo kwa mashine, wakakuta kwamba kwa vijana balehe kule kujua tu kwamba rafiki anakutazama kutoka chumba cha pili kunaamsha sehemu za ubongo zinazofurahia zawadi. Rafiki hakuhitaji kusema neno.

Kwa hiyo mvulana wa miaka 14 anayeteremka kwa kamba kwenye duara ambalo matimba yake, magogo yanayoshikilia kuta, yameanza kuoza si kwamba hajui hatari. Anajua sana. Amesikia duara lililotitia, pengine amemzika mtu. Wenzake wanapokuwa juu wakichungulia, hicho anachokijua kinapungua uzito. Ndiyo maana mabango ya kuwaeleza watoto kwamba mgodi ni hatari yana faida ndogo: yanawapa habari waliyonayo tayari.

Lakini upo upande wa pili ambao vikao vyetu havijaugusa. Mwanasosholojia Denise Kandel alionyesha mwaka 1978 kwamba marafiki hufanana kwa sababu mbili: wanaambukizana tabia, na pia walichaguana kwa sababu walikuwa wameshafanana. Hizi mbili huonekana sawa ukizitazama kwa mbali. Uliza basi ni akina nani wanaokutana kwenye mwalo, pale dhahabu inapooshwa, saa 5 asubuhi siku ya Jumanne. Ni mtoto aliyekuja shule bila kula, anayelelewa na bibi, ambaye baba yake aliondoka na rashi ya mahali pengine na hajarudi. Shirika la Human Rights Watch lilipochunguza maeneo 11 ya uchimbaji katika mikoa ya Geita, Shinyanga na Mbeya, na kutoa ripoti yake mwaka 2013, lilizungumza na watoto 61 waliokuwa wakifanya kazi katika uchimbaji mdogo wa dhahabu. Lilikuta kazini watoto wenye umri wa hata miaka 8, na yatima walikuwa miongoni mwa waliovutwa zaidi. Njaa na upweke viliwapanga watoto hawa kwenye foleni moja kabla hawajajuana majina.

Fika mwaloni utazame kazi inavyogawanywa. Mawe yanayotoka duarani huanikwa, hupondwa kwa nyundo mpaka yawe kokoto, kisha huingizwa kwenye karasha, pipa la chuma lenye gololi nzito ndani linalozungushwa na injini, kelele yake inasikika kijiji kizima. Unga unaotoka hupelekwa kwenye ubao ulioinama, uliotandikwa kitambaa, maji yakamwagwa juu yake ili mchanga mwepesi uondoke na mzito ubaki. Kilichobaki hutiwa kwenye beseni, ikaongezwa zebaki, ikachanganywa kwa mkono. Hukamuliwa kwa kipande cha nguo mpaka kitoke kidonge cheupe, kidonge hicho huwekwa motoni, moshi unapanda, dhahabu inabaki. Nyundo, ndoo za maji, viroba vya mawe, beseni: kila hatua ina kazi ambayo mtoto anaweza kuifanya, na kila kazi ina mtoto aliyeizoea anayeweza kumfundisha mwenzake kwa nusu saa. Zebaki haichomi ngozi wala haina harufu. Inashambulia mishipa ya fahamu polepole, na mvuke wake ndio mbaya zaidi, lakini kwa mtoto anayeona mwenzake ameishika tangu mwaka jana na hajafa, hakuna hoja ya daktari itakayomshinda huyo shahidi.

Sasa fuata pesa. Wachimbaji wengi hawalipwi mshahara. Wanagawana mifuko ya mawe, na mfuko unaweza kuwa na dhahabu au usiwe nayo. Mtoto anayesaidia hupewa kiroba kidogo, au chenji ya kula, au ruhusa ya kuzoa kilichodondoka chini ya karasha. Mchanga uliooshwa, yaani marudio, kwa kawaida hubaki kwa mwenye mwalo, naye huupeleka kwenye mitambo ya sianidi inayotoa dhahabu ambayo zebaki iliiacha. Mwenye karasha analipwa, mwenye leseni anachukua fungu lake, mnunuzi ana mizani yake. Katika mnyororo huo wote hakuna mtu aliyemwita mtoto kwa barua. Mmoja wao anasema tu, "Dogo, kesho njoo na mwenzako." Basi. Kesho yake yule mwenzako anaitwa kundi baya.

Hapa ndipo ninapowashangaa wanaodhani kundi la wavulana wa machimboni ni genge la wahuni tu. Kwa mtoto aliyehama nyumbani, kundi ni mahali pa kulala, ni mkopo wa chakula siku mawe yakikataa, ni watu watakaovuta kamba akiwa chini. Ndani ya duara maisha yako yako mikononi mwa aliye juu. Mtoto anayeambiwa na ofisa ustawi aachane na marafiki hao anaombwa kuacha kitanda, akiba na usalama wake kwa siku moja, halafu anapewa nini? Nauli ya kurudi kwa bibi.

Pia kuna hadithi. Oktoba 2015 duara lilititia Nyangarata, wilayani Kahama, na baada ya siku 41 wanaume watano wakatolewa wakiwa hai. Walikula mende, vyura na chochote walichokipata gizani. Mwenzao mmoja alifia chini. Habari ile ilizunguka dunia. Kwa mtu mzima ni kisa cha kutisha. Kwa mvulana wa miaka 13 ni kisa cha watu watano waliotoka. Na si mvulana peke yake anayeisoma hivyo: vijiji vya dhahabu vimejengwa na watu wazima waliobahatisha, na tajiri anayepewa kiti cha mbele harusini ni yule aliyechimba miaka mingi bila kupata, akauza ng'ombe, akachimba tena. Tunawakemea watoto kwa tabia tunayoipigia makofi kwa baba zao. Dukani, pembeni ya njia ya kurudi shule, ipo mashine ya kubahatisha inayomeza sarafu ya shilingi 200, na sheria inasema asiicheze aliye chini ya miaka 18. Anayeitazama ikimeza si mtoto mwenzake, ni mwenye duka.

Usukumani rika si kitu kilicholetwa na dhahabu. Vijana wa kijiji, basumba, walikuwa na umoja wao wa kulima kwa zamu na kucheza ngoma, na kiongozi wao aliyejulikana, nsumba ntale, aliyewajibika kwa wazee. Sitaki kuupamba wakati huo. Kundi hilo hilo la vijana ndilo lililokuwa na chagulaga: wavulana wanamzingira msichana njiani, akitoka gulioni au ngomani, na hawamwachii njia mpaka achague mmoja wao. Waliouita utani hawakuwa wao waliozingirwa. Tofauti ni kwamba kundi la zamani lilikuwa na mtu wa kuulizwa. La sasa linakutana senta, Katoro au Masumbwe, limetoka wilaya tano tofauti, halijui wazee wa mahali hapo na wazee hawalijui. Mkoa wa Geita, ulioanzishwa mwaka 2012, ulikuwa na watu wapatao milioni 1.7 katika sensa ya mwaka huo. Sensa ya 2022 ilihesabu karibu milioni 3. Hakuna ukoo unaoweza kulea kwa kasi hiyo. Ukubwa ndani ya kundi unapimwa kwa aliyepata dhahabu juzi.

Kwa wasichana mambo hayaanzii duarani, kwani mila za machimbo mengi haziwataki karibu na shimo. Yanaanzia kwa mama ntilie, kwenye baa, na kwenye pikipiki. Msichana wa kidato cha pili anayeishi kilomita 8 kutoka shule ya kata ana njia tatu: atembee, apande bodaboda kwa fadhila ya dereva, au apange chumba karibu na shule. Geto, kama wanavyoliita, ni chumba kimoja cha tofali chenye magodoro mawili, jiko la mkaa na kiroba cha unga ambacho mzazi huleta mwisho wa mwezi. Wanakaa watatu au wanne. Unga ukiisha tarehe 20, mmoja wao ndiye anayejua ni nani anayeweza kuwanunulia chipsi. Ndilo hilo shinikizo la rika, na kwa juu juu maneno yote yanatoka kwa msichana mwenzao: si mbaya, hata mimi, utakufa na njaa? Lakini mwenye chipsi ana miaka 27.

Mkoani Shinyanga hali hii ilikutana na desturi ya ng'ombe. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba asilimia 59 ya wanawake wa mkoa huo waliokuwa na miaka 20 hadi 24 waliolewa kabla ya kutimiza 18, kiwango cha juu kuliko mkoa wowote. Wazazi wanaolaumu makundi kwa mimba ndio wakati mwingine wanaomhesabia mahari mtoto wa darasa la saba. Mwanasheria Rebeca Gyumi aliipeleka Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 mahakamani, akashinda Mahakama Kuu mwaka 2016, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana kwamba vifungu vinavyomruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 14 au 15 ni kinyume cha Katiba. Mwaka huo huo wa 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa ikaweka kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi. Ni adhabu nzito, na uzito wake umekuwa sehemu ya tatizo: familia mbili zikishakubaliana ng'ombe wangapi, shahidi anahama kijiji. Msichana mwenyewe alifukuzwa shule mpaka Novemba 2021, serikali ilipoamua kwamba aliyejifungua anaweza kurudi. Aliyebaki nyumbani miaka ile alikuwa na kundi gani la kukaa nalo, kama si la wenzake waliofukuzwa?

Tiba tunayoipenda ni elimu. Kwa bahati nzuri ukanda huu wenyewe ulishaijaribu, tena kwa umakini kuliko sehemu nyingi za Afrika. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, mradi wa MEMA kwa Vijana uliendeshwa katika jamii 20 za vijijini mkoani Mwanza, katika wilaya za Kwimba, Misungwi, Sengerema na Geita, ambayo wakati huo ilikuwa ndani ya Mwanza. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, AMREF na Chuo cha Usafi na Tiba za Tropiki cha London walishirikiana. Nusu ya jamii zilipata mradi, nusu zikabaki za kulinganisha. Darasa la tano hadi la saba walifundishwa afya ya uzazi na walimu, na wanafunzi waliochaguliwa na wenzao wakaigiza michezo ya kuigiza ya kufundishana. Yaani rika lenyewe lilitumiwa kama dawa. Vituo vya afya vilifundishwa kupokea vijana bila kuwakaripia.

Matokeo yanastahili kusomwa polepole. Ujuzi ulipanda, na ukadumu. Mitazamo iliyoelezwa kwa mdomo ikawa bora. Lakini vipimo vya damu havikuonyesha tofauti ya maambukizi ya virusi vya UKIMWI, na uchunguzi wa 2007 na 2008 uliowafikia vijana wapatao 13,800 haukuona tofauti hiyo pia, wala kwa malengelenge ya sehemu za siri. Watafiti walikuwa waungwana wakayachapisha. Mimi nasoma hivi: watoto walielewa somo, wakaenda nalo nyumbani, wakakuta unga umeisha na dereva wa bodaboda bado yuko njiani. Mradi ulibadilisha wanachokijua, haukugusa anayewanunua.

Tiba nyingine ni kuwakusanya. Mtoto mtoro apelekwe kwenye kundi la watoro wenzake kwa nasaha, kambi, pengine viboko mstarini. Mwaka 1999 wanasaikolojia Thomas Dishion, Joan McCord na François Poulin walieleza jinsi programu za namna hii Marekani zilivyowaharibu baadhi ya vijana zaidi: wakikutanishwa, watukutu walicheka visa vya wenzao, na kicheko kile kikawa somo. Nani asiyejua hili kati yetu tuliowahi kusimamishwa mstarini na watundu wa darasa zima? Tulitoka tukiwa marafiki.

Kinachoonekana kufanya kazi hakina mvuto wa kwenye majukwaa. Elimu bila ada, iliyoanza Januari 2016, ilijaza madarasa kwa ghafla, wakiwamo watoto ambao hapo awali wangebaki machimboni. Ilithibitisha kwamba wengi wao walikuwa nje kwa sababu ya mchango, si kwa sababu ya marafiki. Chakula cha mchana shuleni kinamshikilia mtoto saa zile ambazo mwalo unamwita. Bweni la kata linaondoa geto na bodaboda kwa pamoja. Mabweni yanagharimu, na michango ya chakula imekuwa ugomvi wa kila mwaka kati ya walimu wakuu na wazazi, ambao wengine wanachangia harusi bila kuombwa mara mbili.

Upande wa anayenunua, sheria iko wazi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaweka umri wa chini wa kazi kuwa miaka 14, na kazi hatarishi inazipiga marufuku kwa yeyote aliye chini ya miaka 18. Imezitaja kwa majina, uchimbaji na upasuaji mawe, kubeba mizigo mizito, kazi za baa. Ukiisoma unadhani iliandikwa mtu akiwa amekaa senta ya Lwamgasa. Lakini msako ukija, wanaokimbia ni watoto, wanaokamatwa na kurudishwa shule kwa picha za magazeti ni watoto, na karasha linanguruma tena siku hiyo hiyo. Serikali ilipopiga marufuku pombe za viroba kuanzia Machi 1, 2017, ilimfuata mtengenezaji na muuzaji, na pakiti zile zikapotea madukani kweli, ingawa vichupa vidogo vya plastiki vilibaki. Hakuna aliyewaambia wanywaji wachague marafiki wema.

Njia ya kumfuata mwenye dhahabu nayo ipo, na imejengwa kwa sababu nyingine. Machi 2019 Geita ilifungua soko la madini, na serikali ikafuta kodi ya ongezeko la thamani na kodi ya zuio kwa wachimbaji wadogo ili dhahabu isipite porini. Sokoni hupimwa uzito na ubora, hukatwa mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1, na kumbukumbu hubaki. Dola imepata uwezo wa kuifuata gramu moja kutoka mezani hadi kwenye leseni, kwa sababu ilitaka mapato yake. Kuambatanisha na leseni hiyo sharti la kutokuwa na mtoto eneo la kazi, na kuifungia leseni inapovunjwa, hakuhitaji sheria mpya wala teknolojia mpya. Kunahitaji Tume ya Madini na ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri, ambazo kwa kawaida hukutana msibani, ziwe na orodha moja.

Ugumu uliobaki ni marudio. Makarasha mengi na mialo mingi iko nje ya maeneo yenye leseni ya uchimbaji, nyuma ya nyumba za watu, na ndiko watoto waliko kwa wingi kuliko duarani. Kuna pia magwangala, mawe ya mabaki ya mgodi mkubwa yaliyokuwa hoja ya kisiasa Geita kwa miaka, ambayo mtoto anaweza kuyachambua bila kuajiriwa na mtu yeyote. Na Machi 2025 wakia moja ya dhahabu ilivuka dola 3,000 katika soko la dunia, kabla ya kuvuka 4,000 Oktoba ya mwaka huo. Marudio ambayo miaka 10 iliyopita hayakustahili kuoshwa mara ya pili sasa yanastahili, na mikono midogo ya kuyaosha inatafutwa.